Majeruhi wanaendelea na matibabu

Haya ndugu zangu, nimerudi. Kibaraza kimefungwa wiki saba na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeoa au nimepata viza. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa hospitali. Siyo kwamba nilikuwa naumwa mimi, nilikuwa mmoja wa wale watu mnaowaona wamesimama nje ya geti na chupa ya uji na kikapu, wanasubiri mlinzi aseme haya ingieni.

Baba mdogo aligongwa na bodaboda akivuka Barabara ya Kilwa, jioni, anatoka dukani. Aliumia kichwa. Nisiwachoshe na siku zile za kwanza, wengi wenu mnazijua, zinafanana katika kila ukoo: simu za usiku, michango ya WhatsApp, nani anamjua nani pale hospitali. Ninachotaka kuzungumza leo ni jambo dogo sana lililotokea siku ya 12. Sikuwahi kulisikia kabla ya hapo, na mimi ni mtu ambaye kazi yangu inanipeleka kwenye ajali karibu kila wiki.

Sisi waandishi tuna sentensi yetu ya kufungia habari za ajali, tunaijua hata usingizini: majeruhi wamelazwa hospitalini na wanaendelea na matibabu. Nukta. Hapo msomaji anafunga ukurasa na mwandishi anakwenda kunywa chai. Kumbe pale kwenye nukta ndipo habari nyingine inapoanza.

Tuanze na mrija wenyewe. Baba mdogo alikuwa anapumua kwa mashine, mrija umepita mdomoni. Siku zilipozidi kwenda madaktari wakasema mrija wa mdomoni hauwezi kukaa pale muda wote, watamfanyia trakeostomi. Maana yake ni kwamba daktari anachana kidogo shingoni, chini ya kongomeo, lile linalopanda na kushuka ukimeza mate, anafungua bomba la hewa katika eneo la pete ya 2 hadi ya 4 ya gegedu, kisha anapitisha mrija mfupi uliopinda. Nje ya shingo mrija una bamba la plastiki lenye mabawa mawili, kushoto na kulia, na kila bawa lina tundu la kupitisha kamba. Kamba inazunguka shingo ili mrija usichomoke. Ndani, karibu na ncha, mirija mingi ina puto dogo linalojazwa hewa, lizibe nafasi inayobaki ili pumzi ya mashine isivuje na mate yanayoteremka kwenda mapafuni yapungue. Wanafanyiwa watu wengi: walioumia kichwa, wenye saratani ya koo, watoto waliozaliwa na njia ya hewa finyu. Inaokoa maisha na sina ugomvi nayo. Baba mdogo yuko hai kwa sababu yake.

Basi, siku ya nane akatolewa ICU akapelekwa wodi ya kawaida, anapumua mwenyewe kupitia ule mrija. Sherehe. Mama mdogo alilia kwa furaha kwenye korido. Siku mbili baadaye huyo huyo mama mdogo akaanza kusema kuna kitu. Alisema kila wakimgeuza upande wa kushoto anakunja uso, na mkono wa kulia unataka kwenda shingoni. Mkono ule ulikuwa umefungwa kwa bandeji kwenye ubavu wa kitanda. Msikimbilie kulaumu. Walimfunga kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuchomoa mrija, na katika wiki ya kwanza tundu halijakomaa, mrija ukitoka linaweza kuziba na mtu akafa mbele ya macho yenu. Kwa hiyo kila aliyeuona ule mkono unavutavuta alitafsiri kitu kimoja: huyu anataka kuchomoa.

Siku ya 12, jioni, alikuwa zamu sista mmoja wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona. Mama mdogo akamsalimia, akamwambia polepole, kwa ule woga tulio nao mbele ya watu wenye sare nyeupe, "Samahani sista, huyu shingo inamuuma." Sista hakubisha. Akachukua tochi, akainama, akaangalia chini ya bawa la kushoto kwa pembeni. Akauliza, "Hizi nyuzi bado zipo?"

Nyuzi gani? Ndiyo tukajua. Katika upasuaji ule, madaktari wengi hushona mabawa ya bamba kwenye ngozi kwa siku za mwanzo, kama ulinzi wa ziada mrija usitoke. Kawaida zinatolewa baada ya kama siku 7, na za baba mdogo muda wake ulikuwa umepita. ICU walijua wodi watazitoa. Wodi walijua waliofanya upasuaji watakuja. Waliofanya upasuaji, nadhani, walijua mgonjwa yuko mikononi mwa watu. Akaitwa daktari wa zamu, muuguzi mwingine akaja kushika mrija kwa vidole viwili usitikisike, nyuzi zikakatwa, bawa likainuliwa. Chini yake kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 100. Ngozi ya juu haipo, nyama mbichi, majimaji. Nyuma ya shingo kamba nayo ilikuwa imechora mfereji.

"Huku hakujaangaliwa," alisema sista. Hakumtaja mtu.

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Kwa macho yangu baba mdogo alikuwa anahudumiwa. Makohozi yalikuwa yananyonywa kwa mashine mchana na usiku, mrija wa ndani ulikuwa unatolewa na kusafishwa, karatasi pale miguuni mwa kitanda ilikuwa imejazwa. Watu wote walikuwa wanaliangalia tundu. Ngozi iliyobeba tundu haikuwa na mwenyewe.

Mambo haya nimeyasoma sana tangu hapo, na nimemsumbua yule sista kwa maswali hadi akaanza kuniita mwanafunzi. Ngozi inaishi kwa damu. Ukiibana kwa saa nyingi, vile vishipa vyembamba vinafungwa, damu haipiti, nyama inaanza kufa, kimya kimya. Wote tunavijua vidonda vya kulalia, vya makalioni na visiginoni, bibi zetu wamevipata. Tusichokijua ni kwamba kitanda sicho pekee kinachobana. Kifaa chochote kigumu kinachokaa juu ya ngozi kinaweza: bamba la trakeostomi, kamba yake, kola ya shingo, mpira wa kulishia puani, hata kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Mwaka 2010 kundi la watafiti Marekani lilichapisha hesabu yake, likakuta kuwa katika vidonda vya mgandamizo vilivyopatikana hospitalini, zaidi ya theluthi moja vilitokana na vifaa vya tiba. Yaani vile vile tulivyochangia fedha ili mgonjwa awekewe.

Lakini kwenye trakeostomi kuna jambo la ziada, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Wewe hapo ulipokaa umeshajisogeza kwenye kiti mara kadhaa tangu uanze kusoma, hujui hata kama umejisogeza. Makalio yalilalamika, ukayasikiliza. Kiatu kikikubana unakivua, na usipoweza kukivua unasema. Maumivu ni kengele. Mwenye trakeostomi kengele yake inalia vizuri kabisa, ila mrija umeingia chini ya nyuzi za sauti, na puto likijazwa hewa haipandi tena kupita kwenye nyuzi zile. Hana sauti. Kitu kinachombana ndicho kilichomnyang'anya uwezo wa kusema kinambana. Na mkono uliobaki kuwa mdomo wake, kwa sababu nzuri tu, tulikuwa tumeufunga.

Baba mdogo anaongea sasa. Hakumbuki ajali, hakumbuki ICU, hakumbuki mimi nikimsomea magazeti. Nilimuuliza wiki iliyopita kama anakumbuka chochote cha wodini. Akasema, "Shingo. Nilikuwa nawaonyesha."

Haya. Kuna la pili, nalo linatuhusu sisi weusi zaidi. Vitabu vingi vya uuguzi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Sasa niambie, wekundu huo utauona wapi kwenye shingo ya mzee wa Kimakonde, usiku, wodi ina taa moja? Kwenye ngozi nyeusi hatua ya kwanza inaweza kupita bila wekundu wowote kuonekana, na ukija kushtuka ngozi imeshachubuka. Sista alinionyesha namna anavyofanya yeye. Tochi, ya simu inatosha. Anafananisha kipande kilichobanwa na kile cha jirani: kimekuwa cheusi zaidi, au cha zambarau? Kisha anagusa kwa mgongo wa kidole chenye glavu. Kina joto kuliko jirani yake, au kina baridi? Kimekuwa kigumu, au kimelegea kama embe lililoanguka? Mgonjwa anakunja uso ukigusa? Mwongozo wa kimataifa unasema ngozi iliyo chini na kandokando ya kifaa ikaguliwe angalau mara 2 kwa siku, zaidi kama mgonjwa amevimba. Na waliogongwa huvimba. Kamba iliyofungwa jana ikiwa sawasawa leo inaweza kuwa kitanzi bila mtu yeyote kuigusa.

La tatu ni unyevu. Tundu linatoa makohozi, jasho lipo (Dar hii, Februari, feni mbovu), mate yanachuruzika kutoka mdomoni. Vidole vyako vinavyokuwa ukishinda unafua nguo, ndivyo inavyokuwa ngozi ile: nyeupe, laini, imekunjamana. Ngozi ya namna hiyo haihitaji kubanwa sana.

Nilipomwambia sista kwamba nataka kuandika, alisema niandike, ila nisiwafanye watu wafungue kamba wenyewe. Basi naandika kama alivyotaka. Ndugu wa mgonjwa usifungue kamba. Kubadilisha kamba ni kazi ya watu wawili waliofundishwa, mmoja anashika mrija asiuachie hadi kamba mpya imefungwa. Ikilegea sana mrija unatoka, ikikaza sana inakata, na kipimo cha katikati ni kidole: kidole kimoja kipite kati ya kamba na shingo bila kulazimisha. Hilo la kidole hata wewe unaweza kuliangalia, na kama hakipiti, mwite muuguzi, usione haya. Kamba nyembamba ngumu inakata kuliko ile pana yenye sponji ndani. Ngozi inasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, inakaushwa kwa kugusagusa, hakuna kusugua. Spiriti hapana, dawa kali za kutoa povu hapana, poda hapana. Chini ya mabawa inawekwa sponji nyembamba maalumu iliyopasuliwa katikati, inayonyonya majimaji na kugawa uzito, na ikilowa inabadilishwa. Kama hakuna sponji inawekwa gozi, lakini gozi lililotengenezwa na mpasuo wake kiwandani, maana ukikata gozi la kawaida kwa mkasi linaacha nyuzinyuzi zinazoweza kuvutwa ndani ya tundu na kuingia mapafuni. Na usirundike. Niliona mgonjwa mmoja amewekewa gozi tatu kwa huruma, bamba limeinuka, kamba imekazika zaidi. Ule mto wa huruma nao unabana.

Halafu uzito wa mipira. Bomba la oksijeni au la mashine likiachwa lining'inie linauvuta mrija upande mmoja siku nzima, na bawa la upande huo linachimba. Linategemezwa kwa taulo lililokunjwa. Wakati wa kumgeuza mgonjwa mtu mmoja kazi yake ni bomba tu. Kidevu nacho: shingo fupi, mtu mnene, mtoto, kidevu kinalala juu ya mrija, kwa hiyo kichwa kikae katikati, kisiinamie kifuani. Na chakula, jamani. Ngozi isiyolishwa protini haiponi wala haihimili. Uji mweupe peke yake kila siku kupitia mpira wa puani hautoshi, muulizeni mtu wa lishe, hospitali kubwa zinao.

Mtaona kwamba karibu kila kitu hapo ni rahisi. Ndiyo maana nilitaka kujua kama kinasaidia kweli au ni busara za sista tu. Kinasaidia. Hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ilikuwa na tatizo hili hili. Katika wodi yao ya watoto wenye trakeostomi na mashine, asilimia 8.1 ya wagonjwa walikuwa wanapata vidonda vya namna hii. Wakakaa chini wakakubaliana mambo matatu ya kufanyiwa kila mtoto bila kuruka: ngozi ikaguliwe kwa ratiba, chini ya bamba kuwe kukavu kwa sponji inayonyonya, na mrija uwe wa aina ambayo haigandamizi shingo na kidevu. Walipokwisha kuyaweka yote katika utaratibu, idadi ilishuka hadi asilimia 0.3. Walichapisha mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics. Hakukuwa na dawa mpya katika mpango ule. Mirija ya aina ile ina gharama, sikatai, lakini jambo la kwanza katika yale matatu linahitaji macho, tochi na saa ya ukutani.

Hata jina la kidonda lilibadilishwa. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani linaloshughulikia vidonda hivi liliacha neno lililokuwa na maana ya donda likachukua neno lenye maana ya jeraha, kwa sababu madhara huanza kabla ngozi haijafunguka. Wakatenga pia fungu la majeraha yanayotokana na vifaa vya tiba, na jingine la yale yanayotokea ndani kwenye utando laini. Mtu anaweza kusema ni maneno tu. Mimi nakula kwa maneno, naona tofauti. Donda linaota lenyewe, limetokana na ugonjwa, Mungu amependa. Jeraha kuna kitu kimeliumba, na kitu hicho kinaweza kusogezwa.

Hilo la ndani nalo nisilipite. Puto likijazwa hewa kupita kiasi linabana ukuta wa bomba la hewa, na pale hakuna tochi itakayofika. Mwaka 1984 madaktari wawili, Seegobin na van Hasselt, walitazama kwa kamera ndani ya koo za wagonjwa wakichapisha matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza: presha ya puto ikifika sentimita 30 za maji damu ya utando inaanza kupungua, ikifika 50 inakatika. Ndiyo sababu leo wanaliweka kati ya 20 na 30. Kuna kipimo chake, kidude cha mkononi chenye mshale kama cha kupimia upepo wa tairi. Pasipokuwa nacho wanabonyeza kile kipira cha nje kwa vidole na kukisia, na vidole havijui tofauti ya 25 na 60. Wodini kwetu nilikiona kipimo kimoja. Kilikuwa ICU.

Nikiwa kwenye benchi la nje nilikuwa nasoma habari ya Copenhagen mwaka 1952. Polio iliingia mjini, watu wanakufa kwa kushindwa kupumua, mashine ni chache. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe shingo na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira, kwa mkono, saa 24. Nani abonyeze mifuko? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa ujumla, vijana wa umri wetu, wakakaa kwa zamu pembeni ya vitanda wiki kwa wiki, na vifo vikapungua sana. Leo tunaisimulia kama kuzaliwa kwa ICU. Ninachokiona mimi ni kwamba kila mgonjwa alikuwa na mtu aliyeketi pembeni yake anamtazama.

Sisi watu hao tunao. Wako nje ya geti. Usiku ule wa siku ya 12 nilihesabu wodini wagonjwa 26 na wauguzi 2, na mmoja wao alikuwa na kazi ya kugawa dawa. Sista alisema wazi kwamba kukagua shingo vizuri, watu wawili, ni dakika 10, na mgonjwa mwenye mrija hayuko peke yake, kuna wa kugeuza kila saa mbili, kuna wa kunyonya makohozi anayezama sasa hivi. Ukichagua kati ya pumzi na ngozi, utachagua pumzi. Namwelewa. Wakati huo huo mama mdogo, ambaye amemwangalia mwanaume yule miaka 31 na anajua hata akikunja uso ni njaa au hasira, anaruhusiwa saa moja jioni, na katika saa hiyo kazi aliyopewa ni kuosha vyombo. Yeye ndiye aliyeligundua jeraha. Hakuwa na neno la kulitaja wala mtu aliyemwambia kwamba ni kazi yake kulitaja.

Kuanzia siku iliyofuata sista alibandika karatasi juu ya kitanda, kaiandika kwa kalamu ya wino mwekundu: SHINGO, asubuhi na usiku, na nafasi ya sahihi. Wauguzi wa zamu nyingine walisaini, baadhi kwa kununa. Mama mdogo alifundishwa kuangalia bila kugusa kamba, na alipewa ruhusa ya kusema. Sponji ya chini ya bamba tulinunua wenyewe duka la dawa la nje, haikuwa rahisi, tukakata michango ya kitu kingine. Mkono haukufungwa tena akiwa na mtu pembeni. Jeraha lilichukua karibu wiki tatu kufunga.

Nilimpelekea mhariri wangu wazo la habari. Akasoma, akaniuliza amekufa? Nikasema hapana. Akasema basi habari iko wapi. Simlaumu, kurasa ni chache na waziri alikuwa na ziara. Ndiyo maana mnaisomea hapa.

Kuna jambo moja bado nalitafuta na nitahitaji msaada wenu. Baba mdogo alitolewa mrija kabla ya kuruhusiwa, tuna bahati. Kitanda cha pili yake kulikuwa na kijana aliyepelekwa kwao Kilosa na mrija shingoni, kamba mbili za akiba, na mama yake. Mama alionyeshwa mara moja, asubuhi ya siku ya kuondoka, gari likiwa linangoja. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye trakeostomi, au aliwahi kuwepo, niandikieni: nani aliwafundisha kubadilisha kamba, alisimama pembeni mkifanya wenyewe au aliwaonyesha tu, na mnanunua wapi vifaa mkiwa mbali na mji. Majina sitaweka.